Vidonge vya Daku

Rajab, 9

Daftari hili nililinunua kwa masomo ya kompyuta, nikayaacha masomo baada ya wiki tatu. Limebaki na kurasa nyingi nyeupe, na mimi nina maneno mengi nisiyoweza kumwambia mtu. Basi tusaidiane.

Leo baada ya Alasiri Maalim Simai kasema mbele ya watu wote kwamba Ramadhani hii tarawehe atasalisha Abrahman. Abrahman ni mimi. Nina miaka kumi na tisa, nimehifadhi juzuu zote thelathini, na tangu nina miaka minane namshika Maalim mkono kumtoa kwake kumleta msikitini hapa Malindi, kwa kuwa macho yake yalikwisha kabla mimi sijaanza chuo. Kila usiku nitasoma juzuu moja, na usiku wa ishirini na tisa mbili za mwisho, tukhitimu. Hakuna kijana wa mtaa huu aliyewahi kupewa kazi hiyo.

Nilitaka kulia kwa furaha. Mama yangu, Bi Kazija, alilia kwa niaba yangu. Kisha nikaingia chumbani nikajitazama kwenye kioo.

Rajab, 10

Nieleze habari ya kioo. Mwaka jana nilisalisha usiku mmoja tu, na Mansour, niliyehifadhi naye kitako kimoja tangu utotoni, alinirikodi kwa simu akairusha video mtandaoni. Mtu mmoja aliandika chini yake: “Mashaallah sauti. Ila kamera ivutwe nyuma kidogo.” Watu thelathini na sita walimchekea. Naijua idadi kwa sababu niliirudia kuitazama mpaka simu ikazima.

Hizi si chunusi za kuhesabika. Zimeshika mashavu yote mawili, paji la uso, kidevu mpaka shingoni, nyengine zina mizizi, zikipasuka zinaacha shimo. Nimepaka liwa ya Mama, manjano, asali. Nimepaka ndimu, nikalala nimeuma mto. Wazee wa barazani wananiambia, “Oa, zitaondoka.” Kama ndoa ni dawa ya chunusi basi iuzwe dukani tujipange foleni.

Mwaka huu, kasema Mansour, tarawehe itarushwa moja kwa moja kila usiku. Kamera itakaa pembeni ya kibla, inanitazama mimi.

Rajab, 13

Nimekwenda duka la dawa la Kiembe Samaki, mbali na mtaa wetu, ambako hakuna anayenijua. Muuzaji ni msichana anaitwa Shemsa, jina lake limeandikwa kifuani. Nilimwambia nataka doksi, nimesoma kwamba inaondosha chunusi kwa ndani.

“Ushaonana na daktari?” kaniuliza.

“Nshaonana.”

Sijaonana na mtu. Alinitazama usoni, akanionea huruma, nikamchukia kwa huruma ile. Akavitia vidonge kwenye bahasha, akaanza kuandika juu yake na huku ananieleza. “Kimoja asubuhi, kimoja usiku. Sasa nisikilize, kaka, hii dawa ina masharti yake...” Hapo akaingia Mzee Mkadam, anayesali safu ya mbele msikitini kwetu. Mji mzima huu, kichwa kimemuuma siku hiyo hiyo na duka kaliona hilo hilo.

“Abrahman! Unaumwa?”

“Dawa ya Mama,” nikasema, nikaipokonya bahasha.

Shemsa alinifuata mpaka mlangoni. “Kaka, ngoja, sijamaliza!” Mimi nshavuka barabara.

Njiani nilivimimina vidonge kwenye kikebe kitupu cha uturi, nikaichana bahasha vipande vipande nikaitupa mtaroni. Maandishi sikuyasoma. Kimoja asubuhi, kimoja usiku, nimesikia. Mwanamme anayekunywa dawa ya chunusi ili asalishe watu akijulikana, si afadhali ahame mji?

Rajab, 14

Nimeanza. Kimoja baada ya chai, kimoja baada ya chakula cha usiku.

Rajab, 21

Hakuna kitu.

Rajab, 28

Hakuna kitu. Tumbo linasokota.

Shaaban, 5

Nilikwenda Chukwani kumsaidia mjomba Hamid kumwaga zege. Saa mbili tu za jua, uso ukawaka kama nimemwagiwa maji ya moto. Usiku ngozi ya pua ikabanduka. Mjomba kaniambia mtu mweusi haungui jua, na huku anaitazama ngozi inavyobanduka.

Shaaban, 11

Vidonge vimekwisha. Nimenunua vyengine duka la upande wa pili wa mji. Sikurudi kwa Shemsa asije akanimalizia maneno yake.

Shaaban, 17

Shavu la kushoto! Nimelipapasa nikidhani nimekosea shavu.

Shaaban, 25

Zinakauka zote. Leo nimesimama mbele ya kioo cha duka la vitambaa mpaka mwenye duka akaniuliza nataka jora gani. Mama kanishika kidevu, kanigeuza huku na huku. “Umeona? Nlikwambia. Liwa yangu hiyo.” Nimemwachia. Liwa nayo ipate sifa maishani mwake.

Shaaban, 29

Nimewaza vidonge nitavinywa saa ngapi tukianza kufunga. Wakati wa kufuturu nyumba imejaa watu, na nikimaliza tu namkimbilia Maalim. Bora vyote viwili daku. Mama akitoka kwenda kutia udhu, navitia mdomoni, nimemaliza.

Ramadhani, chungu cha 1

Alhamdulillahi! Sauti ilitoka yenyewe, kama si mimi niliyekuwa naisukuma. Maalim alikuwa nyuma yangu kidogo upande wa kulia, na Mansour nyuma yangu hasa, kazi yake kusikiliza na kunifungulia nikikwama. Sikukwama hata herufi. Nilipotoa salamu ya mwisho nilimwona Maalim analia na yale macho yasiyoona.

Na mtandaoni: “Sauti na uso, mashaallah.” Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma nyiradi. Najua ni aibu. Naandika kwa sababu humu nimeahidi kusema kweli.

Chungu cha 3

Kila daku Mama hunipa gilasi ya maziwa ya moto yenye tangawizi kwa ajili ya sauti. Nabakisha funda moja. Akitoka navimeza vidonge kwa funda lile, mara nyingi muadhini keshafungua kipaza sauti, na ikishaadhiniwa hata tone haliingii. Kisha najilaza robo saa kabla ya kumfuata Maalim kwa sala ya Alfajiri. Robo saa ile ndiyo usingizi mtamu kuliko wote.

Chungu cha 6

Kiungulia. Mama analaumu bajia.

Chungu cha 8

Si bajia. Leo sikuzigusa. Kifuani katikati kama nimemeza kaa la moto na limekataa kushuka.

Chungu cha 9

Mvua ya kwanza ya masika. Juzuu ya tisa nimeisoma kwa maumivu, nikimeza mate kwa hesabu, baina ya aya na aya.

Chungu cha 10

Tende haikushuka. Niliitoa kwa siri nikaificha kwenye leso. Nikafuturu kwa maji, nayo yakapita yanakwaruza.

Daku nilivishika vile vidonge kiganjani nikawaza: pengine ni hivi. Nikawaza kuviacha. Nikajitazama kwenye kioo, shavu la kulia limebakisha vipele vitatu tu. Nikavimeza.

Chungu cha 11

Mvua. Nimevimeza tena.

Chungu cha 12

Nitaandika yote, hata mkono ukikataa.

Baada ya Isha mvua ilikuwa inapiga mabati ya ukumbi wa nje, watu wote wakajibana ndani, wengine wamesali wamegusana mabega mpaka kwenye viatu. Kamera ilikuwa mahala pake. Tangu asubuhi nilikuwa sijameza mate bila kushika ukuta.

Nilifika rakaa ya kumi. Aya ile naijua tangu nina miaka kumi na mbili. Naiona mpaka ilipo kwenye ukurasa, upande wa kulia, juu kabisa. Ilikuwa mdomoni mwangu nzima, haijapungua neno. Nikavuta pumzi niianze, mate yakajaa, nikameza bila kukusudia. Nilihisi nimepasuliwa kifua kwa kisu kutoka ndani. Machozi yakanitoka. Sauti haikutoka.

Mvua tu ikasikika.

Mansour akanifungulia kwa neno la kwanza. Wallahi nilikuwa nalijua! Nilifungua mdomo, ukatoka mkwaruzo kama mlango uliooza bawaba. Akanifungulia tena, kwa sauti zaidi. Hapo Mzee Mkadam naye akanifungulia, kisha mwengine wa safu ya pili, kisha sijui ni wangapi, kila mmoja ananitupia aya yangu mwenyewe mgongoni, kama watoto wa chuoni wanapomzomea mwenzao aliyekwama. Na mimi nimesimama na aya nzima mdomoni siwezi kuitoa wala kuimeza.

Nikarukuu. Nikaikamilisha rakaa, nikatoa salamu, nikasogea pembeni, na Mansour akasimama pale nilipokuwa nimesimama.

Wakati wa kutoka niliyasikia yote, kwa sababu watu hawakunong'ona. “Kasahau.” “Mtu hasahau hivi hivi, lazima pana jambo.” Mzee Mkadam kanishika bega. “Kijana, rudi kwa Mola wako.” Kwetu hapa hafidh akisahau katikati ya sala, watu hawaulizi kama kalala vizuri. Wanauliza kafanya nini.

Nilimshika Maalim mkono tukaenda kwake chini ya mvua. Mlangoni akageuka.

“Abrahman.”

“Naam, Maalim.”

“Ulisahau?”

Ilikuwa ni kusema tu. Maalim, naumwa. Angeniuliza unaumwa nini, na mimi ningelazimika kumjibu, na miaka kumi na moja ya kunifundisha ingeishia kwenye kikebe cha uturi. Nikaona bora aliyesahau kuliko aliyejipamba.

“Naam, Maalim. Nilisahau.”

Aliuachia mkono wangu akaupapasa ukuta mwenyewe mpaka ndani.

Chungu cha 13

Video bado ipo. Mtu kaandika: “Uso umeng'ara, ila juzuu hajahifadhi.” Sikuhesabu waliocheka.

Baada ya Adhuhuri alikuja Mansour. Kasimama kizingitini, maji yanamchuruzika. “Sema nini kimekupata, niwaambie watu. Mimi nakujua, wewe huwezi kusahau pale.” Nikamwambia amekuja kufurahi, kiti kashakipata, aende akakikalie. Akasema leo atamfuata yeye Maalim, nisijisumbue kwa mvua hii.

Chungu cha 14

Hata maji hayapiti. Mama kanikuta nimeinama kwenye beseni natema mate yangu mwenyewe, akanipeleka hospitali kwa nguvu. Wakanitia kooni mpira wenye kamera. Nilikimbia kamera ya msikitini, nikafuatwa na nyengine mpaka ndani ya kifua.

Daktari Mardhiya alinionesha kwenye skrini. “Huu ni umio wako, njia ya chakula. Unaona hapa palivyochubuka? Na hapa? Kuna kidonge kimenasa kikayeyukia hapo hapo. Unakunywa dawa gani?”

Mama kasema, “Hanywi dawa yoyote huyu.”

Daktari alinitazama mimi. Nikasema. Nikasema yote, mpaka funda la maziwa na robo saa ya kulala.

“Doksi inataka gilasi nzima ya maji, na ukimaliza ukae kitako nusu saa au zaidi, usijilaze,” kasema taratibu, bila kunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. “Na maziwa yanaipunguza nguvu. Na mwenye kuitumia ajikinge na jua. Hukuambiwa?”

Nilimkumbuka Shemsa mlangoni, na mkono wake umenyooka.

Nisifunge. Vidonge niviache. Nipewe dawa ya maji, uji na maziwa ya baridi, umio utapona baada ya wiki mbili au tatu. Nilihesabu hapo hapo: utapona wenzangu wamekhitimu.

Nje Mama alikaa kwenye benchi kwanza. “Kwa chunusi, Abrahman?”

Niliikunja karatasi ya dawa mara mbili, mara nne.

“Basi haikuwa liwa,” kasema, kisha akalia. Nikatamani nirudishwe ndani nikatiwe mpira mara ya pili.

Chungu cha 15

Mama anataka kwenda kumwambia Maalim kwamba nilikuwa mgonjwa. Nimemwapisha asiende. “Ukisema mgonjwa wataniuliza ugonjwa gani. Wakijua, nitaitwa Imamu Chunusi mpaka nizikwe.” Kasema bora kuitwa hivyo kuliko kuitwa mwenye dhambi. Yeye haujui mtaa huu, au anaujua na ananipenda.

Chungu cha 17

Mvua. Nakula uji mchana, pazia nimeshusha, kama mwizi.

Chungu cha 18

Mvua.

Chungu cha 21

Spika ya msikiti inafika chumbani kwangu. Zamani nilikuwa nasema Mansour anasoma kama mtangazaji wa boti ya Dar: abiria shukeni, mizigo ipo chini. Leo nimemsikiliza juzuu nzima. Hana madoido, lakini hakimbii, na kwenye aya za adhabu sauti ilimkatika, akangoja, akaendelea. Alipongoja hakuna aliyemfungulia, walijua analia. Mimi nimesoma usiku kumi na mbili na sikulia hata mara moja. Nilikuwa naiwaza taa ya kamera.

Chungu cha 24

Mzee Mkadam kakutana na Mama sokoni, kamwambia kuna mtu Makunduchi anawasomea dua vijana waliopatwa na jambo. Mama kamshukuru. Kaja nyumbani kakatakata kitunguu mpaka kikawa maji.

Chungu cha 27

Nimekula wali. Umeshuka. Nilijifungia nikaijaribu sauti chini ya mto. Ipo, imerudi nzima. Ni kama kurudishiwa nguo ya harusi wiki moja baada ya harusi.

Chungu cha 29

Nilikwenda. Nilisali safu ya mwisho, karibu na viatu, kofia nimeishusha. Mansour alisoma mpaka zikabaki zile sura fupi ambazo hata watoto wanazijua. Baada ya salamu akageuka, akasimama, akawatafuta watu kwa macho mpaka akaniona.

“Zilizobaki ni za Abrahman,” kasema. “Khitma aliianza yeye. Njoo utukhitimishe, ndugu yangu.”

Safu zote zikageuka. Walifungua njia katikati, njia ya kweli kabisa kutoka kwangu mpaka kibla. Na Maalim kauelekeza uso wake huku nyuma, anasikiliza kama nakuja.

Sauti ninayo. Uso ninao, msafi tangu paji mpaka shingo. Nilikuwa na hatua kumi na tano tu za kwenda. Nikaiona ile taa nyekundu ya kamera pembeni ya kibla inanisubiri, nikaona vichwa vyote vile vinanidhania dhambi, na miguu ikageukia mlangoni. Nikatoka bila kuvaa viatu. Nilifika nyumbani na tope mpaka magotini, na nyuma yangu spika inaitikia dua ya khitma.

Mfungo mosi, 1

Idd. Watu wamekuja kula, kila aliyeingia kasema, “Mashaallah Abrahman, uso umesafika!” Shangazi kaniuliza nimepaka nini. Mama katoka kwenda jikoni.

Mfungo mosi, 3

Mansour kaleta viatu vyangu. Nilimwomba radhi kwa maneno ya chungu cha kumi na tatu. Nikamweleza habari ya vidonge, wa kwanza mbali na Mama na daktari. Hakucheka. Kasema, “Nenda kwa Maalim, miye usinambie.”

Mfungo mosi, 6

Nimekwenda. Maalim Simai alikuwa kakaa kwenye msala wake, redio ndogo mapajani imezimwa.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba. Umekuja na viatu leo?”

Nikakaa chini. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanikimbia. “Maalim, sikusahau ule usiku.”

“Najua. Anayesahau huyumba, hurudi nyuma kuitafuta aya. Wewe ulisimama pale pale, pumzi imekukatika. Nlikuuliza mlangoni ili unambie. Ukanambia uongo.”

Nikamweleza yote. Kiembe Samaki, bahasha, maziwa, kamera mbili, na yule aliyesema kamera ivutwe nyuma. Nilipomaliza aliitoa redio mapajani akaiweka chini.

“Vidonge vya nini, umesema?”

“Vya chunusi, Maalim.”

“Chunusi gani?”

Hakuwa ananifanyia mzaha. Aliuliza kama mtu anayeuliza jambo asilolijua. Akanyoosha mkono, akanigusa uso kwa mara ya kwanza tangu anijue, vidole vikapita paji, mashavu, kidevu, na kote vilikuta ngozi laini.

“Sikuti kitu,” kasema. “Miaka kumi na moja unanishika mkono, Abrahman, sijui hata kama we mweupe au mweusi. Nlikuwa nakujua kwa sauti tu.”

Nililia, akaniachia nilie. Halafu akaniambia, bila ukali, kwamba tarawehe ya mwakani keshampa Mansour neno lake, na neno halirudi. Si kwa sababu ya vidonge, kasema, wala kwa ule usiku. Ni kwa sababu ya mlangoni.

Alasiri ikaadhiniwa. Nikainuka nikamnyooshea mkono kama kawaida. Alikuwa kageukia nje, anamsikiliza Mansour anayekuja.

Mfungo mosi, 9

Mvua. Kimetoka kipele kimoja kidevuni. Sikukigusa.